Magadi ya Vidole Vitatu

Mkuu wa chuo, Bwana Manase, aliingia maabara na tepu ya fundi cherehani shingoni, akaanza kupima ukuta. Hakubisha hodi. Alipima kutoka mlangoni hadi kwenye sinki, akaandika kiganjani, akapima kutoka kwenye sinki hadi dirishani, akaandika tena. Halafu akarudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja kama mpiga picha wa harusi.

"Hapa ndipo watakapokaa maharusi," alisema, akionyesha meza ambayo Kaanaeli alikuwa amepanga chupa zake. "Sinki tutalifunika kwa pazia. Watu watadhani ni madhabahu."

Ilikuwa Februari 1997, na Arusha nzima ilikuwa imeshikwa na homa ya kugeuza kitu kuwa kitu kingine. Gereji zilikuwa makanisa, makanisa yalifungua maduka, na viwanda vilivyokuwa na ving'ora vya saa moja asubuhi viligeuka maghala ya mitumba. Chuo cha ufundi kule Themi nacho kiliambiwa kijitegemee. Bwana Manase, aliyeletwa miezi miwili iliyopita kukifundisha kujitegemea, alikuwa ameshapata jibu: ukumbi wa sendofu. Watu wa mji huu, alisema, wanaweza kuacha kula lakini hawawezi kuacha kumuaga binti yao kwa tarumbeta.

Kaanaeli alikuwa mwalimu wa kemia, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, na ndiye pekee aliyekuwa anasimama kati ya sinki na pazia.

"Mkuu, mkaguzi wa mradi anakuja Ijumaa. Mradi haujafungwa."

"Mradi wenyewe ni nini hasa? Nieleze kama unavyomweleza mtoto."

"Natengeneza unga. Ukiutia kwenye maji ukaweka juani, jua linayapasua maji, inatoka gesi ya haidrojeni. Gesi hiyo inaungua. Unaweza kupikia, unaweza kuendeshea injini."

"Maji yanaungua."

"Siyo maji, Mkuu. Gesi iliyomo kwenye maji."

"Na wewe umeshaiona?"

Hapo alimpata. Kwa miezi kumi na minne Kaanaeli hakuwa ameona hata kiputo kimoja. Unga ule ulitaka kuchomwa kwenye tanuru kali saa ishirini mfululizo, na mwaka ule wa mgao, umeme ulikuja saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi jioni, siku ambazo uliamua kuja. Saa ishirini huwezi kuzitoa kwenye saa nane, hata ukisomea ng'ambo. Kila alichotoa tanuruni kilikuwa kibichi, na kibichi hakipasui maji.

"Basi sikiliza, mwalimu," alisema Manase, akikunja tepu yake. "Ijumaa gesi ikitoka mbele ya mgeni, chumba ni chako. Isipotoka, Jumatatu mafundi wanang'oa sinki. Na sijui ukumbi wa sendofu una kazi gani kwa mwalimu wa kemia." Alifika mlangoni, akageuka. "Halafu mgeni atakula. Chuo hakina fungu. Mradi wako, mgeni wako, sufuria zako."

*

Tanuru la chuo lilikuwa limeungua tangu Krismasi, kwa hiyo Kaanaeli alikuwa anachomea unga wake nyumbani kwao Sekei, kwenye tanuru la baba yake. Mzee Abdiel alipopunguzwa kiwandani, alichukua kiinua mgongo chake chote akanunua tanuru dogo la umeme kutoka kwa sonara aliyekuwa anahama, akajifunza kuchoma tanzanite. Jiwe la tanzanite likichimbwa mara nyingi huwa na rangi ya chai. Likichomwa vizuri linakuwa bluu, na mtu aliyelidharau asubuhi analibusu jioni. Madalali walikuwa wanamletea mawe yao yakiwa yamefungwa kwenye karatasi, wanakaa kwenye benchi uani na hawaondoki, kwa sababu katika biashara ile hata mchungaji haachiwi jiwe peke yake.

Jumatano ile Kaanaeli alipanga vikombe viwili vya kauri vilivyojaa unga mweupe mbele ya tanuru, akamwachia baba yake maagizo: umeme ukija, viingize, washa mpaka mwisho, usifungue mpaka umeme uondoke. Alijua saa hizo hazitatosha. Mfa maji haachi kutapatapa. Akaenda kufundisha.

Saa mbili umeme haukuja. Saa tatu haukuja. Saa nne Selemani, dalali mwenye jiwe lake mfukoni na haraka usoni, alianza kutembea uani huku na huku.

"Mzee wangu, huo unga wa mwalimu ni wa nini? Ugali?"

"Wa kutoa gesi," alisema Abdiel kwa fahari ya mtu asiyeelewa vizuri.

"Gesi inatoka kwenye maharage, mzee. Haihitaji shahada."

Mama yake Kaanaeli, Ndeshi, alikuwa anachambua maharage kwenye ungo pale pale. Hakucheka. Alikuwa amemsikia binti yake akilia bafuni tangu Jumatatu, akifungulia bomba ili asisikike. Bomba lenyewe siku hizo halikuwa na maji, kwa hiyo alisikika vizuri sana.

"Baba Kaana, hiki kitu kinataka kupikwa saa ngapi?" aliuliza.

"Ishirini, anasema."

"Na umeme ukija sasa hivi zinabaki ngapi?"

Abdiel alihesabu kwa vidole. "Sita. Kasoro."

Ndeshi aliviangalia vile vikombe. Alikuwa amepikia watu makande miaka thelathini: wa kwaya, wa misiba, mafundi wa barabara. Alijua jambo moja ambalo kila mwanamke wa mlimani Meru analijua bila kufundishwa: kitu kigumu kisichoiva hakiongezewi kuni peke yake, kinatiwa magadi. Akaenda jikoni, akarudi na kipande cha gazeti chenye magadi yaliyotwangwa, akachota kwa vidole vitatu mara tatu katika kila kikombe, akakoroga kwa mpini wa kijiko. Hakuomba ruhusa. Hakuwahi kuomba ruhusa ya kutia magadi kwenye kitu chochote maishani mwake.

Umeme ulikuja saa tano. Abdiel aliviingiza vikombe, akawasha mpaka mwisho. Saa saba Selemani alikuwa amesimama, amekaa, ameapa kwamba mnunuzi wake anapanda ndege leo, ametishia kumpelekea jiwe mchomaji mwingine, amemkumbusha Abdiel kwamba unga wa gesi haulipi kodi ya nyumba. Abdiel alivumilia dakika chache zaidi, halafu akafungua tanuru, akavitoa vikombe kwa koleo refu, akaviweka juu ya tofali. Alisubiri tanuru lipungue joto, akaingiza jiwe.

*

Kaanaeli alirudi saa nane na nusu, akavikuta vikombe juu ya tofali.

"Nani amevitoa?"

Selemani alisoma gazeti. Gazeti lilikuwa limegeuka juu chini.

"Mimi, mwanangu," alisema Abdiel. "Watu wa mawe hawa..."

Kaanaeli aliinama kuangalia ndani. Unga haukuwa unga tena. Ulikuwa bonge, jeupe, gumu, limeshika chini ya kikombe kama ukoko.

"Hiki ni nini? Mmetia nini humu?"

"Magadi," alisema Ndeshi.

"Ma nini?"

"Magadi. Kitu kilikuwa hakiivi."

"Mama, hii ni strontiamu! Imetoka Ujerumani kwa meli, imekaa bandarini miezi mitatu! Unatia magadi kwa nini, ni kunde?"

"Kwani saa sita zingeiivisha?" aliuliza Ndeshi.

Mtu mwenye hasira aliyeshindwa hoja hutafuta cha kurusha. Kaanaeli aligonga kikombe kwenye tofali, bonge likatoka, akalitupa kwenye ndoo ya maji iliyokuwa juani. Halafu akakaa chini kwenye vumbi na sketi yake ya kazini, akajifunika uso. Miezi kumi na minne, na mwisho wake ni makande. Aliona pazia juu ya sinki, akaona Bwana Manase akicheza kwaito na mashangazi wa bwana harusi.

Ndiyo maana aliyeona kwanza hakuwa yeye. Alikuwa Selemani.

"Mwalimu, mboga zako zinachemka."

Ndani ya ndoo, bonge lilikuwa limemumunyuka, unga mweupe umetua chini, na kutoka kwenye unga viputo vidogo vilikuwa vinapanda. Kaanaeli alivitazama bila imani. Chumvi inayeyuka, alijiambia, hewa iliyonaswa inatoka. Itakoma. Haikukoma. Abdiel alisogea, akainama juu ya ndoo, na kivuli chake kikafunika maji. Viputo vikapungua, vikaisha.

"Baba, ondoka!"

Abdiel akaruka pembeni. Jua likaingia. Viputo vikarudi.

"Baba, rudi."

Akarudi. Vikaisha.

"Ondoka."

"Nikae wapi sasa?" aliuliza mzee, lakini aliondoka, na viputo vikapanda tena, na Kaanaeli akaanza kucheka. Alijaza chupa tupu ya dawa ya kikohozi maji, akaigeuza ndani ya ndoo juu ya unga, akasubiri mpaka gesi imejaa nusu yake. Akaitoa, akasogeza njiti ya kiberiti mdomoni mwa chupa. Pwa! Selemani alifika nje ya geti kabla ya mlio kuisha, na jiwe lake bado liko tanuruni, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa dalali yeyote wa Arusha.

Jioni ile Kaanaeli alifungua vitabu vyake akaelewa. Magadi yanayeyuka mapema, yanakuwa kama mchuzi wa moto, na chembe za unga zinaogelea ndani yake, zinakutana upesi badala ya kusubiriana saa ishirini. Baada ya hapo unaosha chumvi kwa maji, unabaki na unga ulioiva. Zilitosha saa mbili. Alhamisi alimwomba mama yake atie tena, akachoma tena, ukatoka unga mzuri kuliko wa kwanza. Akaandika kwenye daftari lake: *Njia mpya. Saa mbili badala ya ishirini.* Chini yake alitakiwa aandike magadi, ya sokoni, yaliyotiwa na nani, kiasi gani. Aliandika *sodiamu kaboneti*, akaweka namba aliyoikisia, akafunga daftari. Tuseme ukweli: mtu aliyesoma ng'ambo miaka sita hapendi kuandika gazeti lenye magadi kwenye taarifa yake ya sayansi.

*

Ijumaa asubuhi Abdiel alipakia tanuru kwenye mkokoteni kupeleka chuoni, akitembea kando yake kama mtu anayesindikiza mgonjwa. Ndeshi alikuwa ameamka kabla ya jogoo. Alikuwa na sufuria ya makande, hotipoti ya ndizi nyama na ndoo ya loshoro, ile ndizi iliyopondwa na maziwa mgando ambayo Wameru wanaamini hakuna mgeni anayeweza kuikataa. Kabla hawajatoka alimpa binti yake kifurushi cha gazeti.

"Chukua haya. Huwezi kujua."

"Mama, leo sihitaji. Nina ya chuo, ya kwenye chupa. Safi kabisa."

Ndeshi aliangalia kifurushi, akakitumbukiza kwenye kikapu cha sahani.

Walipofika mlangoni mwa maabara, Bwana Manase alikuwa amesimama na suti ya harusi. Alimwona mwanamke mwenye kanga kiunoni na ndoo kichwani, akanyoosha kidole.

"Mama wa chakula apitie nyuma. Mbele ni kwa wageni."

Kaanaeli alikuwa hatua mbili kutoka kwa mama yake. Alifungua mdomo. Maneno yalikuwa matatu tu, *huyu ni mama*, na mtoto wa miaka miwili anayaweza. Manase alikuwa anamwangalia, na nyuma ya Manase gari la mgeni lilikuwa linaingia getini. Kaanaeli akafunga mdomo, akarekebisha kola yake. Ndeshi alizunguka nyuma na ndoo yake bila kugeuka.

Mkaguzi alikuwa Dokta Twahira, mama wa makamo kutoka Dar, mwenye miwani iliyofungwa kamba na sauti ya mtu aliyeshaonyeshwa miradi mingi ya uongo. Hakutaka hotuba. Aliinama kwenye bakuli la kioo juani, lenye unga wa Alhamisi, akatazama viputo, akaweka kivuli cha faili lake, akaondoa, akaweka. Alisogeza njiti mwenyewe. Pwa! Bwana Manase alipiga makofi peke yake.

"Mwanangu, hii si mchezo," alisema Twahira. "Nimesoma taarifa zako zote. Ulikuwa unahitaji saa ishirini. Hapa umeandika mbili. Umefikaje?"

Ndeshi alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma na sahani mikononi. Kaanaeli alimwona. Ilibidi amwone, chumba kilikuwa kimoja.

"Nilifikiri sana, Dokta," alisema. "Nilijiuliza ni chumvi gani inayeyuka mapema. Nikajaribu."

Sahani hazikuanguka. Ndeshi alizipanga mezani, moja moja, akazifuta tena ingawa zilikuwa safi.

"Vizuri. Basi rudia," alisema Twahira. "Sasa hivi, mbele yangu. Mimi nimekaa."

*

Kaanaeli alipima kila kitu kwa kijiko cha chuma. Unga. Sodiamu kaboneti ya chuo kutoka kwenye chupa yenye lebo, nyeupe, safi kama sare ya nesi. Saa nne na nusu vikombe viliingia tanuruni. Saa sita na nusu vilitoka. Wageni walikula. Twahira aliongeza loshoro mara mbili na kuuliza ni ya nani, na Manase akamwambia ni ya mama mmoja wa chakula, humwita mara moja moja tu. Kaanaeli alimeza ndizi yake bila kutafuna.

Saa saba na nusu unga ulioshwa, ukawekwa kwenye maji, juani. Walisubiri. Mlima Meru ulikuwa mweupe wote kwa jua, hakuna wingu hata la kukopa. Maji yalitulia kama yaliyo kwenye mtungi wa nyumbani. Dakika kumi. Dakika ishirini. Abdiel, aliyekuwa karibu na tanuru lake, alisogea mwenyewe hatua tatu ili asije akawa ndiye anayeziba. Hakikupanda hata kiputo kimoja.

Bwana Manase alitoa tepu mfukoni. Alianza kuifungua taratibu, na chumba kizima kikaiona ikifunguka.

"Labda ule wa kwanza uliununua," alisema Twahira, na hakuwa anatania. "Nimeshayaona hayo."

"Sikuununua, Dokta."

"Basi niambie unachojua."

Kaanaeli aliuangalia unga wake mfu. Aliliangalia sinki. Angeweza kusema umeme haukuwa na nguvu, kila mtu angemwamini, mwaka ule umeme ulikuwa unasingiziwa hata mimba. Lakini chumba kingeondoka. Na kwa mara ya kwanza siku ile aliona kwamba chumba kilishaanza kuondoka tangu asubuhi, pale mlangoni alipofunga mdomo.

"Sijui, Dokta. Anayejua si mimi. Yalikuwa magadi ya sokoni, ya kupikia. Aliyatia mama yangu."

Bwana Manase alicheka kwa sauti. "Mama yako! Taasisi ya kemia ya makande!"

"Mama yako yuko wapi?" aliuliza Twahira.

"Ni huyo aliyewapakulia."

Kicheko cha Manase kilikatika. Ndeshi alikuwa ameshika mwiko. Twahira aliinuka kwenye kiti, akavua miwani, akaenda hadi kwenye meza ya sufuria.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema Ndeshi, ingawa walipishana miaka michache tu. Alimfikiria kidogo. "Umeshiba?"

"Nimeshiba sana. Mama, huu unga umekataa. Kwa nini?"

Ndeshi alikuja kwenye meza ya binti yake. Hakumtazama usoni. Alichukua ile chupa yenye lebo, akamimina kidogo kiganjani, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema kwenye sinki lile lile la madhabahu.

"Haya si magadi. Haya ni ya kufulia. Yamekwenda kuoshwa mpaka yameishiwa nguvu. Magadi yana chumvi yake, na ukali wake, na kile kitu kinachotuharibia meno." Alionyesha meno yake ya kahawia, meno ya watu wa maji ya Meru, bila aibu yoyote. "Ukiyasafisha unabaki na jina."

"Floraidi," alinong'ona Kaanaeli. "Na kloraidi. Ni mchanganyiko. Ndiyo maana yanayeyuka mapema."

"Tunayapata wapi saa hizi?" aliuliza Twahira. "Umeme unaondoka saa kumi. Sasa ni saa nane kasoro."

Ndeshi alikwenda kwenye kikapu cha sahani, akatoa kifurushi cha gazeti. Alichota kwa vidole vitatu, mara tatu kila kikombe, akakoroga kwa mpini wa kijiko. Abdiel akaingiza vikombe, akafunga mlango wa tanuru kwa mikono miwili. Dakika kumi kabla ya saa kumi alivitoa, na Kaanaeli aliosha unga, akaubeba nje kwenye jua lililokuwa limeanza kulala. Taa za chuo zilizimika. Hakuna aliyegeuka kuziangalia. Kwenye bakuli, viputo vilikuwa vinapanda, vingi kuliko vya asubuhi.

Twahira alipiga njiti. Pwa!

"Chumba kinabaki," alisema, akiandika. "Mwaka mwingine. Lakini mimi siandiki *kiasi*, wala siandiki *vidole*. Kesho saa mbili naondoka. Nataka namba."

Bwana Manase alikwisha kuikunja tepu. Alimwambia dereva wa mgeni kwamba yeye siku zote amekuwa mtu wa sayansi, kisha akaenda kwenye sufuria kuangalia kama makande yamebaki.

*

Walibaki wawili, mama na binti. Abdiel alikuwa nje anabishana na wenye mkokoteni. Kaanaeli alitoa mizani ya zamani ya shaba, ile isiyohitaji umeme, akaiweka karibu na dirisha penye mwanga.

"Chota mara kumi, mama. Chota kama unavyochota jikoni. Usifikirie."

Ndeshi alichota, akaweka. Kaanaeli akapanga mawe madogo ya mizani, akasoma. Gramu mbili nukta moja. Akachota tena: mbili kamili. Mbili nukta moja. Mbili nukta moja. Mbili kamili. Mbili nukta moja. Kaanaeli alisimamisha kalamu. Alikuwa na wanafunzi wa mwaka wa tatu ambao hata kwa kijiko cha kupimia hawakuwahi kukaribiana hivyo mara sita mfululizo.

"Mama, wewe ni mashine."

Ndeshi hakutabasamu. Alikuwa anajipangusa vidole kwenye kanga.

"Kaana."

"Abee, mama."

"Asubuhi. Ulipomwambia yule mama kwamba ulifikiri sana."

Kaanaeli aliangalia sindano ya mizani.

"Niliona aibu, mama."

"Ya magadi au yangu?"

Angeweza kusema magadi. Mama yake angekubali, wangecheka kidogo, wangebeba sufuria wakaenda nyumbani, na jambo lingelala pale. Ndeshi alikuwa amemfungulia mlango huo makusudi, kama anavyomfungulia mtoto aliyechelewa kurudi. Lakini Kaanaeli alikuwa amechoka kupitia milango ya namna hiyo.

"Yako."

Ndeshi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei akakuta ndiyo ile ile aliyokuwa anaidhania. Aliingiza vidole vitatu kwenye gazeti, akachota, akaweka kwenye mizani. Kaanaeli aliongeza jiwe, akaongeza jingine, akasubiri sindano itulie.

Tatu nukta sita.

"Hiyo futa," alisema Ndeshi. "Mkono umeteleza."

"Siifuti, mama. Aliyeutelezesha ni mimi."

Akaiandika ya saba, chini ya zile sita, kwa tarakimu kubwa zinazosomeka. Mama yake akaingiza vidole tena kwenye gazeti.